Kununua UTV kwa ajili ya pori la Lindi na Mtwara

Anayetafuta UTV huku kusini kwa kawaida huanza kwa kuuliza injini ina nguvu kiasi gani. Muuzaji hufurahi akisikia swali hilo, maana nguvu za farasi ndizo zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo lake. Ila UTV zinazofia Liwale, Nachingwea au Tandahimba hazifi kwa kukosa nguvu. Zinakufa kwa mkanda ulioungua mchangani, kwa vumbi lililopenya pembeni ya filta, kwa nyasi kavu zilizoshika moto juu ya ekzosi, na kwa kispea kidogo ambacho fundi anakitaja tu jina halafu anakwambia kiagizwe nje.

Kwa asiyekifahamu chombo chenyewe: ni kigari cha magurudumu manne chenye usukani na pedeli kama gari la kawaida, viti viwili au vitatu vya kukaa ubavu kwa ubavu, bodi ndogo nyuma na vyuma vya kinga juu ya vichwa. Si ile pikipiki ya matairi manne ambayo unaipanda kama farasi. Huku kwetu kazi zake ni za kambi za uwindaji, doria, kuzungukia mizinga ya nyuki iliyotawanyika kwenye miombo, na mashamba makubwa ya korosho.

Kirikuu kwanza

Kwa mkulima ambaye njia yake ya shambani inapitika kwa gari dogo, jibu la haki ni kirikuu ya 4WD. Suzuki Carry na ndugu zake wa Kijapani wana injini ya sisi (cc) 660, upana wa mita 1.48, na mzigo wa kilo 350 kwa kanuni za huko kwao. Spea zake zipo kila mji, fundi yeyote anaijua, inasajiliwa kama gari, na mvua ikinyesha umo ndani ya kioo na milango. Gunia la korosho la kilo 80 yanapanda manne. UTV kubwa yenye bodi ya kilo 454 itapandisha matano. Gunia moja la ziada haliwezi kulipia tofauti ya bei ya kununua wala ya kutunza.

Kirikuu inashindwa tumboni. Tairi zake ni za inchi 12, na sehemu za chini ziko karibu na ardhi, kwa hiyo kisiki kimoja cha mti uliokatwa kwa panga kinatosha kupasua sampu ya oili. Toyo nayo ina tatizo lake: kwenye njia iliyochimbwa na magari, gurudumu lake la mbele linapanda tuta la katikati huku mawili ya nyuma yako mashimoni, na ikiwa na mzigo inalala ubavu bila kuaga. Land Cruiser inapita karibu kila mahali, lakini ina tani mbili na zaidi kabla hujapakia kitu, na kila njia mpya inataka ikatwe pana zaidi.

UTV inakaa katikati ya hao watatu. Njia ya pikipiki iliyopanuliwa kidogo, kijito kilichokauka chenye mchanga, korongo la kushuka na kupanda, visiki, sehemu ambayo Land Cruiser ingehitaji vijana wanne wa kufyeka. Kama safari zako nyingi si za aina hiyo, hela yako ina kazi nyingine.

Mchanga, mfinyanzi na chumvi

Uwanda wa juu wa Makonde, kuanzia Newala mpaka Tandahimba, una udongo wa kichanga ambao kiangazi unakuwa laini na mzito kwa gurudumu. Mabondeni na mbugani kuna mfinyanzi mweusi: mkavu ni kama saruji, ukilowa unanata kwenye tairi mpaka meno yote yanajaa na tairi inakuwa mviringo mtupu. Pwani, kuanzia Msimbati hadi Kilwa, kuna mchanga wenye chumvi. Na upande wa Liwale na Nachingwea ni miombo yenye nyasi za kufika kifuani.

Kila mmoja unaharibu kwa namna yake. Mchanga unaifanya injini ivute muda wote bila kupumzika, na joto linaishia kwenye mkanda. Mfinyanzi unataka chombo chepesi chenye tairi za meno yaliyoachana, na kati ya Desemba na Aprili unataka zaidi uvumilivu wa kubaki kambini. Chumvi inakula soketi za umeme, rejeta na bolti. Ukipita ufukweni osha chini kwa maji baridi siku hiyohiyo, kisha paka grisi ya umeme kwenye soketi zote unazoweza kuzifikia.

Mkanda ndio unaoamua

UTV nyingi hazina gia kama za gari. Zina puli mbili zenye sura ya koni na mkanda mpana wa mpira kati yake. Puli ya mbele imefungwa kwenye injini. Mzunguko ukiongezeka inajibana, mkanda unapanda juu, na puli ya nyuma inafunguka kuufuata. Uwiano unabadilika wenyewe. Ni mfumo mwepesi na mzuri, na kwenye barabara ya vumbi iliyonyooka hauna tatizo lolote.

Tatizo ni mwendo wa polepole wenye mzigo. Ukiwa kwenye H (gia ya mwendo wa kasi), umepakia, unakwenda mwendo wa mtu anayetembea kwenye mchanga au unapanda korongo, puli ya mbele haijajibana sawasawa. Mkanda unateleza badala ya kushika. Kuteleza kunaleta joto, joto linafanya pembeni za mkanda zing'ae kama zimepakwa vanishi, na mkanda unaong'aa unateleza zaidi. Baada ya hapo unasikia harufu ya mpira, kisha mlio wa kupigapiga, kisha kimya. Mara nyingi unapokatika nyuzi zake zinajisokota nyuma ya puli na kukata sili ya shafti, na hapo kazi ya nusu saa inageuka kuwa kazi ya gereji.

Kinga yake haina gharama: ingiza L (gia ya polepole yenye nguvu) kabla hujaingia kwenye mchanga, si baada ya kukwama. Mwendo wote wa chini ya kilomita 15 kwa saa ukiwa na mzigo, kila mlima, kila kuvuta trela, kila kurudi nyuma kupanda bodi ya Fuso, ni L. Madereva waliozoea pikipiki wanaichukia L kwa sababu injini inalia. Iache ilie, ule mlio ndio unaozungusha feni iliyo kwenye puli na kuupoza mkanda. Mkanda mpya nao uendeshe taratibu kwa kilomita 50 hadi 80 za mwanzo, bila kukanyaga mafuta hadi mwisho na bila kuvuta mzigo mzito, ili pembeni zake zikae sawa na puli.

Kila dereva ajue kuubadilisha mwenyewe, porini, bila fundi. Unazima, unaacha upoe. Unaondoa kiti au bodi kulingana na aina, unafungua kifuniko cha puli (kwa kawaida ni bolti ndogo za spana namba 8), unatumia kifaa cha kutanua puli ya nyuma, mkanda unalegea na kutoka. Kifaa hicho huja na gari likiwa jipya, na kwenye mitumba ndicho cha kwanza kupotea, kwa hiyo kiulize kabla hujalipa. Safisha nyuso za puli kwa kitambaa chenye spiriti, usitumie petroli. Toa vipande vyote vya mkanda wa zamani, pamoja na vilivyoingia kwenye bomba la kutolea hewa, maana kipande kimoja kikiziba njia ya hewa mkanda mpya utaungua nao. Funga mpya ukifuata mshale au maandishi yake yaelekee upande uleule wa mwanzo. Kabla ya kurudisha kifuniko, zungusha puli kwa mkono mpaka mkanda upande juu.

Wako watengenezaji waliolikwepa tatizo hili. Honda Pioneer 1000 (sisi 999) ina giaboksi ya gia za kweli inayobadilisha yenyewe kwa klachi mbili za kwenye oili. Pioneer 700 (sisi 675) ina gia tatu za otomatiki na tokokonveta (torque converter) kama gari dogo. Hazina mkanda kabisa. Kubota RTV-X900 na X1100 zinaendeshwa kwa oili ya haidroliki, nazo pia hazina mkanda. Yamaha Viking ina mkanda, lakini mfumo wake unaushika muda wote na klachi nyingine ndiyo inayoachia, kwa hiyo hauunguzwi kirahisi wakati wa kuondoka, na kwenye mteremko injini inakushikia vizuri. Polaris Ranger, Can-Am Defender, Kawasaki Mule na CFMOTO UForce zote ni za mkanda wa kawaida, zikitofautiana kwa jinsi zinavyoupoza.

Ipi sasa

Kwa kambi ya Liwale ambayo tayari ina Land Cruiser na jenereta za dizeli, chaguo langu ni Kubota ya dizeli, na sina haya kusema hivyo ingawa ni ya polepole. Mwisho wake ni kama kilomita 40 kwa saa. Ni nzito, inapiga kelele, na mnyama anaisikia mapema. Lakini inatumia pipa lilelile la mafuta, haina plagi, bodi yake inabeba karibu nusu tani, na kwenye mchanga unaiacha ivute kutwa bila kuwaza mkanda. Udhaifu wake ni oili ya haidroliki: ikiingia vumbi au maji, pampu inakula yenyewe, na pampu hiyo si ya kuungaunga. Jaza oili kwa funeli safi yenye chujio, badilisha filta kwa saa zilizoandikwa kwenye kitabu, na usikubali mtu aongeze oili ya injini eti "ni oili tu".

Kwa njia ndefu zaidi, watu wawili, mzigo wa wastani, Pioneer 700 ndiyo ninayoiamini. Toleo la 700-4 lina viti viwili vya nyuma vinavyokunjwa na kurudi kuwa bodi, jambo linalosaidia siku una vijana na siku una mzigo. Kwa Pioneer 1000 angalia oili: klachi zake zinaoga kwenye oili ya injini, hivyo tumia iliyoandikwa JASO MA kama ile ya pikipiki nzuri. Oili za magari zilizowekwa vilainishi vya kupunguza msuguano zinafanya klachi iteleze.

Ranger 1000 na Defender HD10 ni nguvu na starehe. Shokapu zake ni nzuri, nafasi ni kubwa, zinavuta hadi kilo 1,134. Anayezitaka azichukue akiwa na mikanda miwili ya akiba ndani ya gari na mwingine kambini. Kwa Ranger ujue pia kwamba magurudumu ya mbele yanashika pale ya nyuma yanapoteleza. Kwenye mteremko mkali wa kushuka Bonde la Ruvuma usidhani ya mbele yatakushikia kama gia ya gari, isipokuwa toleo lako lina kifaa maalumu cha kazi hiyo. Kawasaki Mule PRO ni ya kazi, ya taratibu, na ina toleo la dizeli la sisi 993. CFMOTO ni nafuu kununua. Kabla ya kushawishika na unafuu huo, agiza kwanza mkanda na beringi moja ya gurudumu kwa muuzaji uone zinachukua muda gani kufika. Jaribio hilohilo lifanye kwa kampuni yoyote.

Za umeme zipo. Polaris Ranger XP Kinetic ilitangazwa mwisho wa 2021, ni kimya kiasi cha kumpita swala bila kumshtua, lakini betri yake ndogo imekadiriwa kilomita 72 na kubwa kilomita 129, tena si kwenye mchanga wenye mzigo. Kwa kambi yenye sola ya taa na friji, bado.

Petroli ya chupa ni adui wa UTV zote za injekta. Inakaa juani, inachanganywa, ina maji chini. Beba jerikeni zako kutoka kituo cha mafuta, mimina kwa funeli yenye kichujio, na usimimine lile tone la mwisho.

Hesabu ya mzigo

Kuna namba mbili na watu wanazichanganya. Moja ni ya bodi, mfano kilo 454. Nyingine ni ya gari zima, ikijumuisha watu, mafuta yaliyoongezwa, winchi, kioo, paa na kila ulichofunga baadaye. Ranger yenye jumla ya kilo 680: watu watatu wa kilo 75 ni 225, winchi na bampa 45, paa na kioo 35, tairi ya akiba na vifaa 50, maji lita 40 ni kilo 40, petroli lita 20 ni kama kilo 15. Umeshatumia 410. Umebakiwa na 270, si 454.

Kwa mwindaji hesabu hiyo ina maana ya moja kwa moja. Swala pala anapanda bila shida. Kongoni wa kilo 150 anapanda. Nyati dume anaweza kufika kilo 700. Huyo akatwe vipande na kubebwa kwa safari zaidi ya moja, au aitiwe Land Cruiser. Mzigo ukae mbele ya bodi karibu na viti, usining'inie kwenye mlango wa nyuma, kwani nyuma ikilemewa usukani unakuwa mwepesi na ya mbele inanyanyuka ukipanda korongo.

Na mtu asikae kwenye bodi. Huku kumkatalia mtu lifti ni kazi, najua, lakini vyuma vya kinga viko juu ya viti tu. UTV ikianza kulala, silika ya mtu ni kutoa mkono au mguu kuizuia, na ndivyo mikono inavyosagwa. Mkanda wa kiti, wavu wa pembeni, mikono ndani.

Nyasi, moto na vumbi

Hapa ndipo UTV za kusini zinapotofautiana na za kwenye video za Marekani. Nyasi za miombo zinakauka kuanzia Juni, na msimu wa uwindaji wa kitalii unafunguliwa 1 Julai. Kigari kinapita juu ya nyasi ndefu, kinazikata na kuzikusanya juu ya bamba la chini, pale ekzosi inapopita chini ya bodi. Zinajazana, zinakauka zaidi, zinaanza kufuka. Moshi unatoka nyuma, dereva yuko mbele, na upepo wa mwendo unaupuliza.

Kwenye nyasi ndefu simama kila kilomita 10 hivi, hata kama inakera. Tengeneza ndoana ya waya mgumu yenye urefu wa mkono, vuta nyasi kati ya ekzosi na bamba, kuzunguka nyumba ya mkanda, na kwenye shafti inayokwenda mbele, ambako zinajisokota mpaka zinakata sili. Kama bamba lako halina matundu ya kusafishia, fundi wa kuchomea akate dirisha la sentimita 15 kwa 20 chini ya ekzosi. Mtungi wa kuzimia moto wa unga, kilo 2, ufungwe karibu na mguu wa dereva. Ukifungwa nyuma ya bodi utakuwa umefungwa ndani ya moto wenyewe.

Mbegu za nyasi hizohizo zinaziba rejeta. Weka mbele yake wavu wa chuma wa dirisha la mbu, wa kuchomoka, upanguse kila unaposimama. Rejeta yenyewe ioshe kwa maji ya kawaida kutokea nyuma kwenda mbele. Mashine ya presha ya sehemu za kuoshea magari inalaza mapezi yake na huo ndio mwisho wa hewa kupita.

Filta ya hewa, kuanzia Julai mpaka mvua za kwanza, ifunguliwe kila jioni. Paka grisi nyembamba kwenye ukingo wake unaokaa kwenye boksi. Kesho ukikuta mstari wa vumbi umevuka grisi, ujue filta haikai sawa. Ya karatasi igongegonge, usiipulize kwa kompresa kutokea nje. Ya sponji ioshwe, ikauke, ipakwe oili ya filta na kukamuliwa.

Wenye korosho wana kesi ya ziada. Salfa inayopulizwa dhidi ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho) ni unga laini sana, na ni unga unaowaka. Ukibeba mifuko na pampu ya kupulizia kwenye UTV, weka turubai kwenye bodi ili salfa isimwagike juu ya ekzosi, usiegeshe upande unaopelekewa upepo, na ioshe gari kazi ikiisha, kwa sababu salfa ikikaa na unyevu inakula chuma na soketi.

Kioo cha mbele kizima bila ukuta wa nyuma kinavuta vumbi lote la nyuma na kuliingiza kwenye viti. Ama weka vyote viwili, ama weka kioo cha nusu. Kioo cha nusu kinatosha kwa vumbi, ila hakizuii mbung'o. Mbung'o wanafuata chombo kinachotembea na wanavutiwa na bluu na nyeusi, kwa hiyo turubai la bluu, hilo la kila duka, lisiwe kwenye UTV inayokwenda Liwale. Viti, paa na mapazia yawe ya kaki au rangi ya mchanga.

Tairi, upana, winchi

UTV za kawaida zina upana wa sentimita 150 hadi 165. Zipo nyembamba za sentimita 127, kama Honda Pioneer 500, zinazopita kwenye njia za pikipiki bila kufyeka, lakini nazo zinalala kirahisi zaidi kwenye mteremko wa ubavu. Kwa sehemu nyingi za Lindi chukua upana wa kawaida na panga moja.

Tairi ziwe za nyuzi nane (8-ply), inchi 26 au 27. Za nyuzi sita zinakuja na gari na visiki vya miombo vinazitoboa ubavuni, mahali ambapo kamba za kuzibia hazishiki. Upepo: psi 12 hadi 16 kwa kawaida, 8 mchangani, na usishuke chini ya hapo kwa ringi za kawaida kwani tairi inachomoka. Pampu ndogo ya volti 12 ni lazima.

Winchi ya kilo 1,600 hadi 2,000 inatosha, yenye kamba ya sintetiki. Inakula ampea zaidi ya 200 ikibanwa, na betri ya UTV ni ndogo, hivyo injini iwe inaunguruma muda wote wa kuvuta, na uvute kwa vipindi vya sekunde chache. Mkanda mpana wa kuzungushia mti uwemo. Kamba ya winchi ikizungushwa moja kwa moja kwenye gome la mninga inaukata mti na wewe ukakosa nanga.

Majini, kikomo ni sakafu ya miguu. Maji yakifika hapo rudi. Ukishavuka, kanyaga breki mara kadhaa zikauke, fungua nati ya chini ya nyumba ya mkanda maji yatoke, weka gia huru, kanyaga mafuta kidogo kwa dakika mbili ili feni iukaushe. Ukiondoka na mkanda uliolowa utauteketeza kabla hujafika mita mia.

Ukinunua iliyotumika

Njoo asubuhi, injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyeiwasha kabla hujafika anaficha uvivu wa kuwaka au moshi. Linganisha kilomita na saa za injini. Kilomita 6,000 kwa saa 500 ni wastani wa 12 kwa saa, maana yake imefanya kazi nzito ya polepole, na puli zake ziangaliwe mara mbili.

Fungua boksi la filta na upitishe kidole ndani ya bomba, upande wa baada ya filta. Kidole kikitoka na vumbi, acha hilo gari, hata kama limepakwa rangi mpya. Injini iliyokula vumbi haiponi kwa kubadilisha filta.

Fungua kifuniko cha puli uone kama zina mifereji na mkanda una mng'ao au nyufa. Chomoa kijiti cha oili, kisha fungua nati za kujazia za difu mbele na nyuma. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji. Nyanyua kila gurudumu kwa jeki, shika juu na chini, tikisa: kucheza ni beringi au boljointi. Kagua buti za draivu shafti kama zimechanika. Chini, pale mikono ya shokapu inapofungwa kwenye fremu, tafuta nyufa na alama za kuchomea. Nyuma ya dashibodi na chini ya kiti tafuta nyaya zilizotafunwa na panya, hasa kama ililala stoo ya magunia. Mwisho ingiza 4WD ukiwa kwenye mchanga na uone magurudumu ya mbele yakirusha, si taa tu kuwaka.

Sanduku la spea la kambini liwe na mikanda (kwa zinazotumia), plagi mbili, filta za hewa tatu, filta za oili na mafuta, seti ya pedi za breki, buti mbili za draivu shafti na klipu zake, beringi mbili za gurudumu, boljointi moja ya kila upande, fyuzi na rilei, bomba la rejeta, grisi, kamba za kuzibia pancha, na namba za spea hizo zimeandikwa kwenye kifuniko kwa kalamu isiyofutika. Namba hizo ndizo zitakazomsaidia mtu wa Dar es Salaam anayekutumia kifurushi kwa basi.

Bunduki, vibali na karatasi

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inakataza kuwinda ukiwa ndani ya chombo cha moto. UTV inakupeleka na kurudisha nyama. Kufuatilia na kupiga ni kwa miguu. Uwindaji wenyewe unahitaji leseni na kibali cha eneo. Sehemu ya kaskazini ya Pori la Akiba la Selous iliyogeuzwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019 haina uwindaji tena, kwa hiyo ramani za zamani za vitalu zisikudanganye. Bunduki isafiri bila risasi chemba, imesimama kwenye kishikio chenye mpira, ndani ya mfuko wa kuzuia vumbi. Mtikisiko unahamisha darubini ya bunduki. Ukifika kambini ijaribu kwa kupiga karatasi ya shabaha kabla ya kuingia porini.

Kabla ya kulipa, wakala wa forodha akuandikie itaingizwa kwa kundi gani na itasajiliwa kama nini. Isiyo na namba ya usajili haitakiwi barabarani, hata kilomita tano kutoka kambini hadi kituo cha mafuta, na bima nayo inategemea usajili. UTV ya viti viwili ina urefu wa mita tatu hivi na haiingii kwenye bodi ya Hilux, hivyo panga Canter au trela kutoka bandarini. Ifungwe kwa mikanda minne kwenye fremu, si kwenye bampa, shokapu zikiwa zimebanwa nusu tu, na gia iwe kwenye P, au breki ya maegesho ivutwe kwa isiyo na P.